Pembe za Inspekta

Kuta za chumba cha marehemu Bi Rukia zanuka. Nasema hivi bila kuficha kwa sababu nimetoka kumzika juzi, na harufu ile bado iko puani mwangu: chumvi, chokaa iliyooza, godoro lililokunywa unyevu miaka nenda miaka rudi. Waliokuja matangani walikuwa wakiingia, wakikunja pua kidogo, wakisema ni harufu ya ugonjwa, maskini, mwenyewe aliteseka. Ugonjwa gani! Ile ni kazi ya mikono yangu mimi, Kazungu, fundi wa Tezo, ninayesifiwa toka Kilifi hadi Malindi kwamba nikisimamisha ukuta umesimama. Nikatoka nje nikatema mate mchangani, kisha nikarudi kukaa mkekani na wanaume wenzangu, nikapewa kahawa na tende kama mtu mwema. Nina miaka hamsini na sita. Mwaka ninaousimulia hapa nilikuwa na ishirini na miwili, nao ndio mwaka nilioanza kuitwa fundi. Laiti jina lile lingepita njia nyingine.

Nilikuwa kibarua wa kukoroga saruji chini ya Mzee Chengo, msimamizi wetu, mtu wa Rabai, mfupi, mwenye maneno marefu. Kiwanja kilikuwa Malindi, nyuma kidogo ya mji wa kale, na mwenye nyumba alikuwa Bi Rukia, mwanamke wa makamo aliyeishi kwa kuuza mahamri. Wakati tunajenga alikuwa amepanga chumba kwa jirani, ukuta kwa ukuta na kiwanja chake. Chumba cha zamani hicho, cha mawe na udongo, sakafu yake ilikuwa baridi hata adhuhuri, na kuta zilikuwa zikitoka jasho mwaka mzima. Bi Rukia alikuwa na pumu. Akipanda ngazi mbili tu ulisikia kifua kikikoroma kama mtu anayeburura kiti. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiendelea kulala kwenye unyevu asimlaumu mtu. Kwa hiyo hakututajia ghorofa, hakututajia milango ya nakshi wala sakafu ya vigae. Alitaka vyumba viwili vikavu, basi. Kila asubuhi alituletea sinia la mahamri na bakuli la mbaazi za nazi, na kila asubuhi maneno yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, wanangu. Mmeamkaje? Kuleni mshibe, kisha mnijengee. Mimi nataka ukuta usiolia. Mengine yote jipambieni mtakavyo."

Kwa asiyejua kazi hii, nitaeleza mara moja. Sisi huku pwani twajenga kwa bloki za matumbawe, zinazokatwa machimboni. Ni bloki nzuri, nyepesi, nyumba yake haikuchomi jua, lakini jiwe lile limezaliwa majini na halijaacha tabia ya kwao: hunywa. Ukiisimamisha bloki juu ya msingi hivi hivi, maji ya ardhini yatapanda polepole, yakibeba chumvi, mpaka yafike magotini, na plasta ianze kuvimba na kupukutika. Dawa yake ni karatasi nyeusi ya lami ambayo mafundi twaiita dipisii. Huja imekunjwa roli. Waifungua, wailaza juu ya msingi kwa upana wote wa ukuta, kipande hiki kikipanda juu ya kile kwa shubiri moja, ndipo uanze kupanga juu yake kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa bloki. Hamna hila hapo, hamna elimu. Hata mlevi aweza kuilaza dipisii ikalala. Watu hupenda kuniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, nami hucheka kwa uchungu, kwa sababu ufa wangu mimi niliujenga kwa kamba na pimamaji, ukatoka umenyooka.

Bi Rukia alikuwa amenunua roli sita za dipisii mwenyewe, akazitia chini ya kitanda chake. Alikuwa mtu wa mji, akijua kwamba vitu vya kiwanjani huota miguu. Msingi ulipokuwa tayari alipata safari ya Ngomeni, harusi ya jamaa zake, siku tano. Asubuhi ya kuondoka akaniita chumbani mwake, mimi, si Chengo. Nakikumbuka chumba kile vizuri kuliko ninavyokumbuka chumba nilicholala mwenyewe: kitanda cha kamba kimesogezwa mbali na ukuta, buibui limetundikwa msumarini, sinia zimepangwa, jiko la makaa mlangoni, na ukutani madoa ya kijani mpaka kiunoni mwa mtu. Akanipa kikombe cha chai ya tangawizi na hamri mbili zilizobaki. Nikala nimesimama. Kisha akainama, akakohoa, akaanza kuzitoa roli moja moja kutoka chini ya kitanda akinisukumia kwa mguu.

"Mbona hukumpa msimamizi, Bi?" nikamuuliza.

"Msimamizi ni msimamizi. Wewe nimekuona ukiosha sahani yako mwenyewe." Akakaa kitandani kupumzika. "Zote sita, mwanangu. Nimepima kwa kamba, nimemuuliza na muuza duka, zatosha nyumba nzima. Usinibakishie hata kipande."

"Nitazilaza zote, Bi. Usiwe na wasiwasi."

Nilisema kwa moyo mweupe. Hilo nalo halinisaidii kitu leo, lakini nilisema kwa moyo mweupe. Nikazibeba kiwanjani mbili mbili. Nilipokuwa narudi na zile za mwisho nikamsikia Chengo nyuma ya rundo la mchanga akizungumza na dereva wa pikapu iliyotuletea saruji. Alikuwa akijenga nyumba yake mwenyewe kule Rabai, sote twajua, na vitu vya nyumba ile vilikuwa vikitoka kila mahali tulipofanya kazi. "Nne zatosha kwangu," alikuwa akisema. "Hapa mbili zitafanya kazi. Atazame nini yule inspekta? Atazama pembe." Dereva akacheka, akauliza kama mwenye nyumba hana macho. Chengo akasema mwenye nyumba anaenda harusini kucheza chakacha. Wakacheka tena, wote wawili. Nilisimama na roli mbili mabegani, na nilielewa kila neno, wala asinidanganye mtu kwamba nilikuwa mdogo sikuelewa.

Pembe. Mafundi wa siku zile walikuwa na msemo wao, pembe za inspekta. Mkaguzi wa majengo akija kutazama dipisii kabla hamjapandisha ukuta, huenda pembeni, kwa sababu pembeni ndipo karatasi za kuta mbili hukutana na ndipo alipofundishwa kuinama. Anafukuafukua na kijiti, aona karatasi ni pana, imepandana shubiri, basi. Katikati hainami. Jua kali, suruali imepigwa pasi, na kiwanja kingine chamngoja. Kwa hiyo wajanja walilaza karatasi kamili kwenye pembe, hatua moja kila upande, na katikati kote wakakata utepe wa vidole viwili, wakauchomeka kwenye saruji upande wa nje na upande wa ndani, mdomo mweusi ukichungulia. Ukitazama kwa mbali, mstari mweusi wazunguka nyumba yote. Ndani ya ukuta hamna kitu, jiwe juu ya jiwe. Uchafu ule ulikuwa na jina na ulikuwa ukifundishwa. Mtu aliurithi kwa mkubwa wake kama vile kushika kamba.

Chengo aliniona nimesimama. Akaja, akazishusha roli mabegani mwangu taratibu, akanipa mwiko wake mwenyewe, wenye mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho lake. Miaka mitatu nilikuwa nikikoroga na kubeba, na hakuna aliyewahi kuniruhusu kugusa mwiko ila kuuosha.

"Leo kozi ya kwanza ni yako," akasema. "Nyumba nzima. Inspekta akipitisha, tangu siku hiyo sikuiti kibarua. Fundi Kazungu. Mbele ya watu."

"Na dipisii, mzee?"

"Wajua inavyokatwa. Umeniona."

"Bi amesema zote sita. Yule ana kifua, mzee."

"Ah! Kwani wewe daktari?" Akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, na huruma ile yanichefua mpaka leo. "Kazungu, mtu akitaka kufa hafi kwa ukuta. Shika mwiko ama mpe mwenzako Baraka pale, yeye mkono wamuwasha."

Nikashika mwiko. Nikaketi kivulini na kisu na kipande cha ubao, nikaanza kukata tepe. Na nilikata vizuri! Hapo ndipo ninapojichukia. Mtu aliyelazimishwa hukata ovyo, hukata kwa kununa. Mimi nilipima kwa vidole, nikazinyoosha, nikazipanga kwa urefu wake, nikawa navisifu kimoyomoyo vipande vyangu. Nilipochomeka utepe kwenye saruji nilirudi nyuma hatua tatu kutazama kama mstari umenyooka, nikarekebisha mahali ulipopinda. Juu yake nikaweka bloki zangu za kwanza maishani, kila moja kwa pimamaji, nikizigonga kwa mpini kama nilivyowaona wakubwa. Adhuhuri pikapu ikaondoka na roli nne chini ya mifuko mitupu ya saruji. Niliisikia ikiondoka, sikuinua kichwa. Jioni tukala muhogo wa nazi kwa mama muuza chakula, na Chengo akanilipia kipande cha papa. Nilikila. Kilikuwa kitamu.

Mkaguzi alikuja siku ya sita, na Bi Rukia alikuwa amesharudi na hina yake ya harusi mikononi. Alikuwa amepika tangu alfajiri: wali wa nazi, mchuzi wa papa, kachumbari na maembe mabichi. Aliamini kwamba mgeni wa serikali hatazami kazi na njaa. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akainama pembe ya kwanza, akafukua kwa kijiti, akasema "mhm". Pembe ya pili, mhm. Pembe ya tatu hakuinama, alinyoosha kijiti tu. Ya nne akaiangalia akiwa ameelekea upande unaotoka harufu ya wali. Bi Rukia alikuwa akimfuata nyuma, upindo wa leso mdomoni kuzuia vumbi, na ndiye peke yake kiwanjani aliyeuliza swali la maana siku ile.

"Na huku katikati, mwanangu, hutazami?"

Mkaguzi akacheka. "Mama, ukuta ni shuka. Ukishika pembe, umeishika yote."

Chengo akacheka. Mimi nami nikacheka, Mungu anisamehe. Akala, akaongezwa, akala tena, akatia sahihi juu ya magoti yake, na kidole gumba kikaacha doa la mchuzi pembeni mwa karatasi. "Kazi safi," akasema. Chengo akanishika bega akatangaza kwamba aliyeweka kozi ile ni fundi Kazungu. Bi Rukia akapiga kigelegele, kikakatizwa na kikohozi, akakaa chini kwenye mfuko wa saruji akiendelea kutabasamu na kunionyesha kwa mkono kwamba yuko sawa, nisihangaike.

Akahamia kabla ya masika. Watu walisoma dua, wakafukiza ubani vyumba vyote viwili, na kitanda chake mara hii akakiegemeza ukutani, katikati kabisa ya ukuta wa magharibi. Aliniambia mwenyewe: miaka kumi na moja amelala kitanda kikiwa kimewekwa katikati ya chumba kwa kuogopa ukuta, sasa anataka kuegemeza mgongo wake kama watu. Mvua zikaja. Mwezi wa pili wa mvua akanitumia ujumbe niende nimtazamie kitu. Nilipoingia sikuhitaji kuonyeshwa. Pembe zote nne zilikuwa kavu, nyeupe kama zilivyopakwa. Katikati ya kila ukuta plasta ilikuwa imevimba na kuinuka, na chumvi imetoka mfano wa unga. Fundi yeyote duniani angeingia chumba kile angesoma tulichofanya neno kwa neno. Ukuta ulikuwa ukitusema, na Bi Rukia amekaa kitandani ameegemea mto, kifua kikiburura, akiniuliza kama ni kawaida ya nyumba mpya.

Nikamwambia huenda itakauka. Lo! Haikukauka. Akaenda ofisini kwa wakaguzi kulalamika, na si jambo dogo kwa mtu asiyeweza kutembea hatua mia bila kupumzika. Mkaguzi akaja tena, yule yule, pamoja na Chengo, nami nikaitwa kwa kuwa ndimi niliyejenga. Tukasimama chumbani mle sote, watu wazima watatu wenye afya zetu, mbele ya mwanamke mmoja asiye na pumzi. Mkaguzi akapapasa pembe moja kwa kiganja. Akapapasa ya pili. Akageuka na furaha ya mtu aliyepata njia.

"Pembe kavu. Dipisii ipo. Mama, wewe waoga wapi?"

"Uani, mwanangu."

"Na kutawadha?"

Bi Rukia akasita. "Kutawadha ni humu. Na beseni. Kifua changu hakiniruhusu kutoka kila wakati wa sala."

"Mara tano kwa siku!" Mkaguzi akapiga kofi paja lake mwenyewe. "Humu humu ndani! Na nguo? Na chai? Haya, ukuta utakosaje kulowa?" Kisha akanigeukia, akaniita kwa heshima, mtu wa kwanza wa serikali kuniita hivyo. "Fundi. Karatasi ililazwa ama haikulazwa?"

Chengo hakunitazama. Alikuwa akitazama dari. Bi Rukia ndiye aliyekuwa akinitazama, naye hakuwa akinishuku hata kidogo. Alikuwa akingoja nimwambie ukweli ili aufuate. Ningesema neno moja, wangebomoa kozi ya kwanza kipande kwa kipande, wakachomeka karatasi, kazi ya wiki mbili, nami ningerudi kwenye kukoroga. Hivyo tu. Hakuna aliyenishikia panga.

"Ililazwa," nikasema.

"Kumbe ni mimi," akasema Bi Rukia. Akaweka mkono kifuani. "Astaghfirullah. Kumbe ni mimi, na nimewahangaisha watu wazima na jua hili." Akatuomba msamaha. Akatutaka tukae tunywe chai, na Chengo na mkaguzi wakakaa wakanywa. Siku chache baadaye nilipita uani kwake alasiri, mvua inanyesha, nikamkuta nje chini ya kipande cha bati, ameinamia beseni, anatawadha, mvua yamrukia mabegani, na kati ya kuosha mkono huu na ule anasimama kutafuta pumzi. Jiko nalo alikuwa amelitoa nje. Ndani hakuruhusu hata kikombe cha maji. Akaniona, akaniambia kwa furaha, "Nautunza ukuta wako, fundi." Nikamwitikia. Nikaenda zangu.

Watu huuliza mbona mtu mzima hukaa na uongo miaka thelathini na minne. Ni rahisi sana, ndugu zangu, ni rahisi hadi kutia kinyaa. Mwanzo nilimwogopa Chengo. Chengo akafa kwenye nyumba yake kavu ya Rabai, nikaanza kuliogopea jina langu. Jina likakua, nikapata vijana wa kuwafundisha, na hao nikawafundisha dipisii kwa ukali mpaka wakanikimbia, wakidhani napenda kazi. Nilikuwa nikilipa deni kwa mtu asiyenidai. Bi Rukia nilimkwepa. Nikipita Malindi nilizunguka mtaa wa pili. Yeye aliniletea salamu, akamtumia mke wangu mahamri kila Idi, akawauliza watoto wangu kwa majina. Alilazwa hospitali mara ngapi sijui, niliacha kuuliza. Aliishi mpaka akapita themanini, watu wasema ni maajabu ya Mungu, na mimi nasema ni miaka ile yote ya kukohoa iliyopewa urefu.

Basi juzi, baada ya maziko, nilikuwa nimeshika viatu niondoke, binti wa nduguye, Swabra, aliyemuuguza mpaka mwisho, akaja mlangoni akaniita. "Ami Kazungu, hebu ingia ndani kidogo. Nina amana yako." Nikaingia chumba kile. Wanaume wawili watatu waliokuwa karibu wakasogea mlangoni, maana desturi ni desturi, neno la marehemu husikizwa na watu. Swabra akaniambia kwamba wiki yake ya mwisho Bi Rukia alitaka radhi kwa kila aliyemjua, mmoja mmoja kwa jina, na wale walio mbali akawaachia maneno.

"Wewe alikutaja siku mbili, Ami, akiogopa tutasahau. Alisema, mwambieni fundi Kazungu aniwie radhi. Alinijengea ukuta mzuri, mimi nikamharibia kwa maji yangu. Watu wakiingia humu watadhani hakujua kazi." Swabra akajifuta macho kwa upindo wa mtandio. "Twakuomba umsamehe, apumzike."

Walikuwa wakiningoja. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka katikati ya ukuta ule, maneno yote ninayo kinywani, ya roli nne, ya kisu, ya pikapu, na hakuna tena aliyebaki wa kuyaogopa.

"Nimemsamehe," nikasema. "Mungu amrehemu."

"Amina," wakaitika. Mzee mmoja akanipigapiga begani. "Una moyo, fundi," akaniambia.